Risasi zipi zaruhusiwa vitani? Sheria za dunia na vita vya Mlima Elgon

Sheria ya kimataifa haimwachii mwanajeshi uhuru wa kujaza bunduki yake risasi yoyote aipatayo. Kwa zaidi ya miaka 150 mataifa yamekuwa yakikubaliana, polepole na kwa kusitasita, kuhusu risasi zinazoweza kutumiwa vitani na zilizo haramu. Makubaliano mengi yalifikiwa mbali na Afrika: St Petersburg, The Hague, Geneva, Oslo. Hata hivyo mojawapo ya hatua muhimu zaidi ilichukuliwa jijini Kampala mnamo Juni 2010, safari ya siku moja kwa basi kutoka Bungoma, miaka miwili baada ya operesheni ya kijeshi katika Mlima Elgon.

Wakazi wa Bungoma na Kitale wana sababu ya kuyafahamu makubaliano hayo kuliko Wakenya wengi. Kati ya mwaka 2006 na 2008, miteremko ya Mlima Elgon iliyo kati ya miji hiyo miwili iligeuka uwanja wa mapigano. Mzozo wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk, hasa ugavi wa mashamba wa awamu ya tatu, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, lijulikanalo kwa kifupi kama SLDF. Kundi hilo liliua, likatoza wanakijiji kodi na kuwakata masikio waliokaidi amri zake. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilikadiria kuwa zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Maelfu wengine walihama makwao na kukimbilia Bungoma, Trans Nzoia na hata ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Machi 2008 serikali ilipeleka wanajeshi katika operesheni iliyopewa jina Okoa Maisha, na Mei mwaka huo kamanda wa SLDF, Wycliffe Matakwei, aliuawa.

Bunduki zilizotumika huko hazikuwa za ajabu. Wanamgambo walibeba AK-47, silaha ambayo imezagaa kaskazini magharibi mwa Kenya tangu mwaka 1979, wakati utawala wa Idi Amin ulipoanguka na ghala la silaha la kambi ya Moroto, Karamoja, likaporwa. Kwa upande wa serikali, bunduki ya G3 ilikuwa kwa miaka mingi silaha ya kawaida ya mwanajeshi na polisi. Risasi za kijeshi za bunduki hizi mbili zina sifa moja inayofanana, nayo ndiyo kiini cha sheria yenyewe: kiini cha kila risasi kimefunikwa kwa ganda gumu la madini, hasa kwenye ncha, ili isipasuke wala kuchanuka iingiapo mwilini.

Chanzo cha sharti hilo ni hofu ya mwaka 1863, jeshi la Urusi lilipobuni risasi yenye baruti ndani yake. Ilikusudiwa kulipua magari ya baruti ya adui. Baadaye ikaboreshwa hadi ikaweza kulipuka hata ikigusa kitu laini, na hapo Warusi wenyewe wakaona hatari: risasi hiyo ingelipuka ndani ya mwili wa mtu. Badala ya kuificha, serikali ya Urusi iliita mkutano, na mnamo Desemba 1868 Azimio la St Petersburg likapiga marufuku makombora yanayolipuka au kuwaka ambayo uzito wake haufiki gramu 400. Azimio hilo lilitamka jambo ambalo limebaki msingi wa sheria zote zilizofuata. Shabaha halali ya vita ni kudhoofisha majeshi ya adui, na kwa hiyo inatosha kumwondoa askari vitani. Silaha inayomzidishia mateso mtu ambaye tayari hawezi kupigana, au inayofanya kifo chake kisiepukike, inavuka mpaka huo.

Marufuku iliyofuata inagusa historia ya ukoloni moja kwa moja. Katika miaka ya 1890 majeshi ya Uingereza yaliyokuwa mpakani mwa India yalilalamika kwamba risasi mpya nyembamba ya bunduki ya Lee-Metford ilipita mwilini na kuacha tundu dogo, na mpiganaji aliyepigwa aliendelea kusonga mbele. Kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikatengeneza risasi ambayo ncha yake iliachwa wazi bila ganda. Ikigonga mwili, risasi ililaani na kupanuka mithili ya uyoga, ikirarua nyama na kuvunja mfupa vipande vipande. Jina la kiwanda likawa jina la risasi: damdam.

Katika mkutano wa amani wa The Hague mwaka 1899, mwakilishi wa Uingereza, Sir John Ardagh, aliitetea risasi hiyo kwa hoja ambayo msomaji wa Kiafrika hawezi kuisoma bila kukunja uso. Alidai kwamba askari wa mataifa yaliyostaarabika hurudi nyuma akijeruhiwa, lakini wale aliowaita washenzi huendelea kushambulia hata wakiwa na majeraha kadhaa, hivyo yahitajika risasi ya kuwasimamisha. Wajumbe wengi hawakukubali. Azimio la tarehe 29 Julai 1899 lilipiga marufuku risasi zinazopanuka au kulalia kwa urahisi katika mwili wa mwanadamu, zikiwemo zile ambazo ganda lake halifuniki kiini chote au limekatwa chale. Uingereza ilikataa kutia sahihi wakati huo, ikaja kujiunga mwaka 1907. Marekani haijajiunga hadi leo.

Hata baada ya Uingereza kujiunga, Mwafrika hakuwa amepata kinga yoyote. Azimio lilisema wazi kwamba linafunga mataifa yaliyotia sahihi yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Wabukusu waliozingirwa katika ngome za Lumboka na Chetambe mwaka 1895, wakati msafara wa kijeshi ulioongozwa na C. W. Hobley ulipowashambulia katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Bungoma, walipigwa miaka minne kabla ya mkutano wa The Hague. Lakini hata wangaliishi hadi miaka minne baada yake, maandishi yale yasingewahusu. Kwa macho ya sheria ya wakati huo, vita dhidi yao havikuwa vita bali "msafara wa kutia adabu".

Sheria ilichukua muda mrefu kuufikia mlima kama Elgon. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zilikataza kwa jumla silaha zinazosababisha mateso yasiyo ya lazima, pamoja na sumu. Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 ilileta Ibara ya Tatu ya pamoja, ambayo kwa mara ya kwanza iliweka masharti ya chini kabisa kwa vita vya ndani ya nchi na kuyafunga majeshi ya serikali pamoja na makundi ya waasi. Kenya ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1966. Itifaki mbili za nyongeza za mwaka 1977, ambazo Kenya iliziridhia mwaka 1999, zilifuata; ya kwanza ilikariri kwamba haki ya kuchagua njia na silaha za vita ina mipaka, na ikaitaka kila serikali inayonunua au kubuni silaha mpya kuichunguza kwanza kama ni halali. Katiba ya mwaka 2010 nayo ikazifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, pamoja na mikataba iliyoridhiwa, kuwa sehemu ya sheria za Kenya.

Mwaka 2005 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha utafiti mkubwa kuhusu desturi za vita ambazo mataifa huzifuata hata pasipo mkataba. Ilihitimisha kwamba marufuku ya risasi zinazopanuka, ya risasi zinazolipuka ndani ya mwili, na ya sumu ni kanuni za desturi zinazohusu vita vya aina zote, vya kimataifa na vya ndani. Si wote wanaokubali. Mwongozo wa sheria za vita wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 2015 unasema risasi zinazopanuka si haramu kwa asili yake, bali zikikusudiwa kuleta mateso ya ziada.

Hapo ndipo Kampala inapoingia. Mkataba wa Roma, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ulikuwa umeorodhesha matumizi ya sumu, gesi za kuua na risasi zinazopanuka kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika vita vya kimataifa tu. Kwa maneno mengine, kiongozi aliyetumia risasi hizo dhidi ya jeshi la jirani angeweza kushtakiwa The Hague, ilhali aliyezitumia dhidi ya wananchi wenzake vitani hangeweza. Mkutano wa kuupitia upya mkataba huo, uliofanyika Munyonyo, Kampala, kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni 2010, uliziba pengo hilo kwa pendekezo lililoongozwa na Ubelgiji. Wajumbe waliongeza ufafanuzi kwamba kosa hutendeka pale mtumiaji anapozitumia risasi hizo kuzidisha mateso bila manufaa ya kijeshi. Marekebisho hayo hufunga tu nchi inayoyakubali kwa hiari yake, na hayarudi nyuma. Kwa sababu hiyo, hata kama risasi za aina hiyo zingepatikana Mlima Elgon mwaka 2007, ICC isingeweza kuyafanya matumizi yake kuwa shtaka.

Kuhusu sumu, wengi hudhani ni mambo ya mizinga ya gesi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. La hasha. Jamii kadhaa za Bonde la Ufa na maeneo yanayopakana na Elgon zimetumia kwa vizazi mishale iliyopakwa sumu inayochemshwa kutoka kwa miti, kwa uwindaji na kwa ulinzi wa mifugo. Mwindaji havunji sheria ya vita. Lakini pale mapigano yanapofikia kiwango cha vita vya ndani, mshale huo huingia katika marufuku ya zamani kuliko zote na huwekwa fungu moja na damdam. Sheria haikuona sababu ya kumsamehe mwenye upinde kwa kuwa hana bunduki.

Lipo jambo jingine linalowachanganya watu. Katika masimulizi ya vita, kila jeraha kubwa huitwa la damdam. Madaktari waliozoea majeraha ya risasi husema si lazima iwe hivyo. Risasi ya kawaida iliyofunikwa kabisa huingia na tundu dogo, husafiri kiasi ikiwa imenyooka, kisha hupinduka na kusafiri ubavu mbele. Ikipinduka hutanua njia, na ikigonga mfupa huurusha vipande ambavyo navyo hukata nyama kama risasi ndogo. Tundu la kutokea laweza kuwa kubwa kupindukia ilhali risasi ilikuwa halali kabisa. Risasi nyepesi na ya kasi sana ya milimita 5.56 huweza hata kuvunjika yenyewe ikipinduka. Tabia hiyo ilizua mjadala mkali miaka ya 1970, Sweden ikitaka risasi ndogo za kasi zidhibitiwe. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 uliishia kupitisha azimio la kuhimiza utafiti tu, na risasi hizo zikaendelea kutumiwa duniani kote.

Kwa hiyo ushahidi hautokani na ukubwa wa kidonda. Hutokana na risasi yenyewe ikitolewa mwilini, picha za eksirei, maganda yaliyookotwa mahali pa tukio, na maelezo ya daktari katika fomu ya P3 au ripoti ya upasuaji wa maiti. Hospitali za Bungoma, Webuye na Kitale ndizo zilizo karibu na mlima. Risasi ikitupwa pamoja na pamba chafu, au maiti ikizikwa bila kuchunguzwa, hakuna mtaalamu wa The Hague atakayeweza kusema baadaye ilikuwa ya aina gani wala ilitoka kwa bunduki ya nani.

Ganda la risasi lina mengi ya kusimulia. Kitako chake hupigwa chapa ya kiwanda na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Kenya ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret, chini ya shirika la serikali la Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa teknolojia ya kampuni ya FN ya Ubelgiji huku wengi wakihoji haja ya kuwa nacho. Si mbali na Kitale. Mnamo Juni 2008, wakati wanajeshi wangali mlimani, taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa ripoti kuhusu eneo la Turkana Kaskazini, ambako barabara kuu ya kutoka Kitale huelekea. Kwa kulinganisha chapa za maganda, mtafiti alihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, waliowapa wafugaji ili wajilinde dhidi ya majirani kutoka ng'ambo ya mpaka. Zote zilikuwa risasi za kawaida, halali kwa kila mkataba uliotajwa hapa.

Hilo ndilo pungufu kubwa la sheria za aina za risasi: hazijali idadi yake wala zimefikaje kijijini. Kwa hilo kuna sheria nyingine. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo iliyataka mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama, kutunza kumbukumbu na kudhibiti maghala. Kenya pia ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizowasilisha katika Umoja wa Mataifa, mwaka 2006, pendekezo la mkataba wa biashara ya silaha, ambao ulipitishwa mwaka 2013 na ambao unagusa risasi pia.

Katika mabomu ya kutegwa ardhini rekodi ya Kenya ni safi zaidi. Ilitia sahihi Mkataba wa Ottawa mwaka 1997, ikauridhia mwaka 2001, na mwaka 2003 ikamaliza kuharibu akiba yake ya zaidi ya mabomu 35,000. Mwaka uliofuata Nairobi iliandaa mkutano mkuu wa kwanza wa kuutathmini mkataba huo. Desemba 2008 Kenya ilitia sahihi pia mkataba wa Oslo unaopiga marufuku mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo ambavyo vingine hubaki ardhini bila kulipuka. Ulaya nako upepo umegeuka. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland zilichukua hatua za kujiondoa katika Mkataba wa Ottawa kwa hofu ya Urusi, ile ile iliyoita mkutano wa St Petersburg.

Polisi wako katika hali tofauti, na tofauti hiyo huwashangaza wengi. Marufuku ya damdam ni ya vita. Katika nchi kadhaa polisi huruhusiwa kutumia risasi zinazopanuka, kwa hoja kwamba mjini risasi inayopita mwilini mwa jambazi yaweza kumuua mama anayepita nyuma yake, na inayopanuka hubaki ndani. Badala ya Azimio la 1899, polisi hufungwa na sheria za haki za binadamu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 huzitaka serikali kukataza silaha na risasi zinazosababisha majeraha yasiyostahili, na Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 nchini Kenya huruhusu bunduki itumike pale tu njia nyingine zimeshindwa. Operesheni inayochanganya polisi na wanajeshi, kama ile ya Elgon, huleta swali gumu: je, ni vita au ni kazi ya kulinda usalama? Serikali huepuka neno vita. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2008, haikuliepuka. Ilishutumu SLDF na jeshi kwa uhalifu wa kivita.

Na uhalifu uliotajwa katika ripoti hiyo haukuhusu aina ya risasi hata kidogo. Ulihusu wanaume waliokusanywa vijijini na kupelekwa katika kambi ya Kapkota, wakapigwa na kuteswa, kabla ya mamia kufunguliwa mashtaka na kuzuiliwa Bungoma. Ulihusu pia waliochukuliwa wasionekane tena. Kufikia mwaka 2011 shirika hilo lilisema zaidi ya watu 300 walikuwa wametoweka mikononi mwa pande zote mbili. Jeshi lilikanusha madai ya mateso. Mtu aliyefungwa mikono analindwa na Ibara ya Tatu ya Geneva, na hapo aina ya risasi haina uzito wowote kisheria: kumuua ni kosa, iwe kwa risasi halali ama bila risasi.

Shirika la Independent Medico-Legal Unit, ambalo madaktari wake walikuwa wamewachunguza manusura, lilipeleka suala hilo mwaka 2010 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Juni 2011 mahakama ilikubali kuisikiliza kesi hiyo. Serikali ya Kenya ilikata rufaa, na Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaitupilia mbali kwa sababu iliwasilishwa baada ya miezi miwili inayoruhusiwa na mkataba wa jumuiya kupita. Ushahidi wa madaktari kuhusu majeraha hayo haukuwahi kusikilizwa mahakamani humo.